Tuliweka Bunduki Chini, Wanyama Wakaisha

Kila Mkenya aliyepita darasani anaijua hadithi hii. Wazungu walikuja na bunduki, wakawamaliza wanyama wetu, halafu mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji na wanyama wakapona. Ni hadithi tamu. Ina mwovu, ina mwokozi, na anayeisikiliza halaumiwi kwa lolote. Nusu yake ya kwanza ina ukweli mwingi. Nusu ya pili ni uongo, na sisi wa Nkubu, huku Meru, hatuna kisingizio cha kuuamini.

Tuanze na mwovu, maana alipita karibu na kwetu. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kuuacha urais wa Marekani, na mwaka huohuo akafika boma la Meru, ambako Edward Horne, yule DC ambaye Wameru walimbandika jina Kangangi, alikuwa ametia mguu mwaka mmoja kabla. Miongoni mwa silaha alizokuja nazo Roosevelt zilikuwamo Winchester za modeli ya 1895, kazi ya fundi John Browning. Chini ya kifyatulio cha bunduki hiyo kuna wenzo wenye tundu la kupitisha vidole. Unausukuma mbele, ganda tupu linaruka. Unaurudisha, risasi nyingine imeshaingia chemba, na kitako hakijatoka begani. Risasi yenyewe ina uzito wa gramu 19 hivi. Nduguye, modeli ya 1894, ni nyepesi zaidi, na ndiyo iliyopeleka nyama ya kulungu mezani kwa vizazi na vizazi vya Wamarekani wa mashambani. Hii ya 1895 Roosevelt aliipenda hasa kwa simba.

Yeye na mwanawe Kermit waliorodhesha wenyewe wanyama 512 waliowaua katika safari hiyo. Mwenye kutaka kumtetea na amtetee, mimi simo. Leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa pauni 50. Mmeru au Mtharaka aliyetoka na upinde wake kutafutia wanawe kitoweo hakuwa na pauni hizo, na kwa kukosa karatasi aliitwa jangili. Dhuluma hiyo ilikuwepo, na ifundishwe shuleni bila kupakwa sukari.

Lakini kuonewa ni jambo moja, na wanyama kuisha ni jingine. Misafara ya akina Roosevelt iliendelea kwa zaidi ya miaka 60, wawindaji wakitoka Nairobi na magari, wapishi na masanduku ya barafu. Baada ya yote hayo, mwaka 1973, Kenya ilikadiriwa kuwa bado ina tembo wapatao 167,000. Kufikia 1989, miaka 12 baada ya marufuku, hawakuzidi 20,000. Vifaru weusi waliporomoka kutoka karibu 20,000 mwaka 1970 hadi chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya themanini. Najua nitakachojibiwa: ujangili ulikuwa umeshachacha kabla ya 1977. Kweli kabisa. Marufuku iliukuta njiani, ikaupisha.

Na kama kuna mahali palipopaswa kutufundisha, ni mbuga yetu wenyewe. Mbuga ya Meru ndiko alikorudishwa mwituni Elsa, simba aliyejulikana dunia nzima (na ambaye, watu husahau, alikuwa yatima kwa sababu mama yake alipigwa risasi mwaka 1956 na George Adamson, afisa wa wanyamapori wa serikali). Katika mbuga hiyohiyo, mwaka 1988, majangili waliwatimua walinzi na kuwaua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa usiku na mchana. Agosti 1989 Adamson mwenyewe aliuawa na majambazi kule Kora. Waliofanya hayo hawakuwa na leseni wala hawakushika bunduki za wenzo. Walikuwa na silaha za vita. Sheria ya 1977 ilimnyang'anya bunduki mtu aliyekuwa akijaza fomu, akilipia kila mnyama na kurudisha hesabu ofisini. Yule asiyejaza fomu iliendelea kumsoma gazetini.

Haya, tuseme miaka ya themanini ilikuwa ya vita, tuiache. Shirika la wanyamapori, KWS, likaundwa, pembe zikachomwa moto, tembo wakaanza kurudi, na kwa hilo nawavulia kofia askari wetu. Je, wanyama wengine? Mwaka 2016 mtafiti Joseph Ogutu na wenzake walichapisha uchambuzi wa hesabu zilizofanywa kwa ndege katika maeneo ya malisho ya Kenya tangu 1977. Wanyamapori walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Tazama mwaka hesabu hiyo inapoanzia. Ni mwaka uleule wa marufuku. Miaka karibu 40 bila mwindaji mmoja wa kitalii mwenye leseni ya kupiga nyati au swara, na theluthi mbili ya wanyama wetu hawapo. Idadi ya watu, mifugo, ua, kilimo, hali ya hewa: hizo ndizo sababu watafiti walizotaja, pamoja na sera mbovu.

Simama Nkubu utazame upande wa Mlima Kenya, kisha ugeuke utazame nyanda za chini kuelekea Tharaka. Zamani tembo na nyati walikuwa na njia kati ya msitu na nyanda hizo. Leo kuna nini katikati? Kahawa, chai kule juu, migomba, makadamia, nyumba za mawe, ua wa seng'enge, shule, kanisa, ua mwingine. Meru ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930. Mwaka 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton wa serikali ya kikoloni, kisha ardhi ikapimwa, wenye mashamba wakapata vipande vyao na hati zao. Nyati hakupewa hati. Hakuna Roosevelt aliyemfukuza Imenti Kusini. Alifukuzwa na jembe, kamba ya mpima ardhi na mbegu ya kahawa. Mimi nimesomeshwa na kahawa hiyo na siionei haya. Ninachokataa ni kuinywa huku tukimwimbia Mzungu wa 1909 kwamba ndiye aliyewamaliza.

Bado kuna kitanzi. Wanaokaa kandokando ya msitu wanakijua: waya wa klachi ya pikipiki, ncha moja imefungwa kwenye shina, nyingine imepindwa kuwa duara linalotosha kichwa cha paa na kuning'inizwa palipo na njia yake. Hakihitaji shabaha. Hakichagui dume na jike mwenye mimba. Kikisahaulika kinaendelea kunasa, na nyama inaoza pale pale. Nyama inayowahiwa huingia kwenye sufuria, wakati mwingine kwa jina la ng'ombe. Marufuku ya 1977 ina masikio ya kusikia mlio wa bunduki tu, na kitanzi hakilii.

Sasa mtazame kulungu wa Marekani. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulungu wa mkia mweupe walikuwa wamebaki labda nusu milioni nchi nzima. Leo wanakaribia milioni 30. Na kila msimu wa vuli mamilioni ya wawindaji huingia msituni, wengine na zile Winchester za babu zao, na kulungu hawaishi. Mwaka 1900 ilipitishwa sheria ya shirikisho dhidi ya kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria, biashara ya nyama ya mwituni ikavunjwa mgongo, na tangu 1937 ushuru wa bunduki ndefu na risasi, ambao sasa ni asilimia 11, unakwenda moja kwa moja kwa wanyamapori. Anayefyatua ndiye anayelipa.

Nikifika hapo najua kuna watu wameshaanza kupiga makofi: wale wanaotaka uwindaji wa kitalii urudishwe Kenya kesho asubuhi. Washushe mikono. Kulungu huzaa mapacha na hustawi kando ya shamba, na mbwamwitu aliyekuwa akimla alishafukuzwa sehemu nyingi. Tembo hubeba mimba miezi 22 na huhitaji nusu ya kaunti kutembelea. Tena Tanzania iliufunga uwindaji wa leseni kwa miaka michache tu, 1973 hadi 1978, na pori la Selous lilikuwa hazina ya uwindaji huo. Mwaka 2009 palihesabiwa tembo 39,000 hivi katika eneo hilo, na mwaka 2013 wakabaki kama 13,000. Leseni haikuwaokoa hao, kama vile marufuku haikuwaokoa wetu. Pande zote mbili zinabishana juu ya chombo kilichoko mkononi mwa mtu, wakati tatizo liko chini ya miguu yake: ardhi.

Mwanzoni mwa 2011 tembo walianza kupita kwenye njia iliyojengwa chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, wakitoka mlimani kushuka Ngare Ndare na Lewa. Hakuna aliyewafundisha. Walipewa upenyo, wakapita. Kule Mara wenye ardhi wanalipwa kodi kila mwezi ili waache mashamba yao bila ua, na simba wapo. Huku kwetu sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi shilingi milioni 5 mtu akiuawa na mnyama, fedha ambazo familia husubiri miaka, zikifika. Mtu wa Buuri, hapa hapa Meru, akiwa hai na akaacha ekari mbili wazi ili tembo wapite bila kukanyaga viazi vya jirani, sheria hiyohiyo haimtajii kiwango chochote. Wabunge wetu wa Meru wanaopenda kusimama kwenye matanga na kulaani tembo wangeanzia kwenye pengo hilo: waandike bei ya ekari moja kwa mwezi, na waseme inatoka mfuko gani.