Ushuru wa Trump ulivyomrudia mkulima wa Marekani

VITA vya kibiashara baina ya Marekani na China vimemwumiza hata mkulima aliyeahidiwa kutetewa. Rais Donald Trump alipotoza bidhaa kadhaa za China ushuru wa asilimia 25 mnamo Julai 2018, Beijing ilitoza soya ya Marekani kiwango hicho hicho, kisha ikageukia Brazil.

Washington ililazimika kutenga dola bilioni 28 kuwafidia wakulima. Fidia, hata hivyo, hairejeshi mteja.

Ushuru ulipokuwa ukipanda hadi asilimia 145 mnamo Aprili 2025, China ilidhibiti uuzaji wa madini adimu yanayotegemewa na viwanda vya magari na silaha. Oktoba mwaka huo, nchini Korea Kusini, Trump alikubali kupunguza ushuru, nayo Beijing ikaahidi kununua soya. Soya ile ile iliyokuwa ikiinunua kabla ya 2018 bila kuombwa.