Si Mkali, Anaogopa (na Simu Yako Inamzidishia)

Kuna klipu moja ya sekunde 11 ambayo hamtaiona. Nimeifuta. Mimi niko chini, nusu mwili uvunguni mwa kitanda, nina taulo mkononi. Mdogo wangu anarekodi kwa mkono mmoja huku anacheka. Namvuta kitoto cha paka atoke, ili nyinyi muone uso wake na mmwage mioyo kwenye maoni. Mdogo wangu ananyoosha ule mkono mwingine ampapase. Paka anageuka, anamuuma kidole gumba. Simu inaanguka, na kuanzia hapo ni giza na makelele tu.

Tangu siku ile watu wananiuliza, "Yule paka shume wako mkali uliishia kumtupa wapi?" Basi leo nawajibu. Kwanza, hakuwa mkali. Mjinga nilikuwa mimi.

Nilimtoa Kisauni, kwa mama mmoja wa Mlaleo anayehifadhi paka waliookotwa. Uani kwake mna paka wa kila rangi. Huyu wangu aliokotwa nyuma ya vibanda vya samaki, umri kama miezi miwili na kitu, na alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la maji. Ukimsogelea anafoka "khhh" mpaka masikio yanalala. Yule mama aliniambia wazi: "Mwanangu, huyu atakusumbua. Chukua yule mweupe, yule habagui mtu." Lakini mimi nishaona hadithi bana. Paka muoga anayegeuka kuwa mpole, si mnajua watu wanavyopenda? Nilichagua kontenti. Paka nilimchagua baadaye.

Tukavuka feri na kikapu kilichofunikwa leso. Mikokoteni, honi, watu wanasukumana kuteremka upande wa Likoni, na kikapu kimya kabisa. Nikajisifu: ona alivyotulia! Kumbe paka akizidiwa na hofu hunyamaza. Anajikunyata awe mdogo, mboni zinapanuka mpaka macho yanakuwa meusi tii. Angekuwa analia ningemwonea huruma. Kwa vile alinyamaza, nikapiga picha.

Sasa hapa ndipo nina ugomvi na sisi wenyewe, wapiga video. Tumewazoesha watu kwamba siku ya kwanza paka anaokotwa, siku ya pili anaogeshwa huku anapiga mayowe, siku ya tatu amelala kifuani kwa mtu na muziki laini nyuma yake. Anayetazama haoni zile wiki zilizokatwa katikati. Akichukua paka wake, siku ya nne bado anafokewa, anasema "huyu ana roho mbaya" na anamrudisha sokoni.

Roho mbaya haipo. Kitoto cha paka huzoea binadamu kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake. Akikaa muda huo bila kushikwa na mtu, na kiumbe pekee mwenye miguu miwili anayemjua ni yule anayerusha mawe, basi kwake wewe ni jitu lenye mikono. Bado anaweza kuzoea, ila kwa mwendo wake. Na hayo mawe tunayarusha sisi sisi. Madrasa tumefundishwa wote kwamba Abu Huraira aliitwa hivyo kwa sababu ya kipaka chake, halafu tukitoka tunashindana nani atampata wa kibandani kwa jiwe la kwanza.

Turudi kwenye kidole. Sabuni na maji ya kumiminika, dakika 15, jerikeni nzima iliisha. Kisha hospitali. Hili msilichezee: kichaa cha mbwa hata paka hukibeba, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mdogo wangu akaanza kuchanjwa, na daktari akatuambia tumchunge yule paka siku 10, tusimwachie apotee. Mamangu hakupiga kelele. Alisema tu: "Haya. Siku kumi zake zikiisha, anarudi Kisauni." Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, huyu kapewa kumi na hakuwa na la kulima.

Nikampigia yule mama wa Mlaleo, nikijua atanigombeza. Aliuliza kitu kimoja: "Unamshughulikia sana, eh?" Nikasema ndiyo. "Acha."

Basi nikaacha. Katoni imelazwa kwenye pembe ya chumba, leso kuukuu ndani, karai la mchanga kando. Maji, si maziwa ya ng'ombe, maana hayo huwaharisha wengi. Asubuhi na jioni dagaa wa kuchemsha bila chumvi. Naweka sahani, nakaa sakafuni mbali kidogo, nimempa ubavu, nasoma noti zangu kwa sauti ya chini. Mtu akimkodolea macho, kwake ni vitisho. Kufumba macho polepole na kufumbua polepole, hiyo anaielewa. Watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth huko Uingereza waliipima mwaka 2020, wakaona paka huusogelea zaidi mkono wa mgeni aliyewafumbia macho hivyo kuliko wa yule aliyekaa tu na uso mkavu. Nilijihisi kichaa, wallahi, nakonyeza katoni. Siku ya tano akala nikiwa pale pale. Siku ya sita gari la gesi likapita likipiga honi, tukarudi mwanzo.

Na simu? Ilikaa chumba kingine. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, nakubali.

Siku ya nane alitoka. Nilikuwa nimekaa na kidole nimekinyoosha chini, nasubiri anuse kama kwenye zile video. Akanipita. Akaenda moja kwa moja kwa mamangu, ambaye kwa siku zote nane alikuwa kwenye cherehani yake anashona sare za shule, hajamwangalia hata mara moja. Akamnusa mguu, akajilaza juu ya vitambaa vilivyoanguka. Mama hakusimamisha cherehani. Alisema tu, "Mwambie paka wako asinichafulie kazi." Nilitaka kulia. Ningekuwa na simu ningerekodi, na nadhani kile kishindo changu cha kuinuka kingemrudisha katonini.

Siku ya 10 ikapita, ya 11 ikapita, hakuna aliyetaja Kisauni. Kidole kimepona na sindano zimekamilishwa. Mpaka leo mgeni akibisha mlango, paka yuko uvunguni, na mimi simtoi. Kinachofuata ni daktari wa mifugo amchanje na kumfunga kizazi, maana paka jike wa miezi minne tu anaweza kubeba mimba, na Likoni hatuna upungufu wa paka.

Mnaotaka kuchukua paka: yule mweupe wa Mlaleo alishapata kwao zamani. Nyuma ya pipa kuna mwingine sasa, wa kijivu, naye anafoka vilevile. Kama una pembe ya chumba na wiki kadhaa za kukaa sakafuni bila kufanya lolote, nenda umuulizie. Kama unatafuta video, baki nyumbani.