Kibao cha Moyoni

Ewe mwanafunzi wa Kakamega, wako wasemao kwamba Kiingereza ndicho chenye sarufi, na lugha ya nyumbani ni kelele tu. Usiwasadiki. Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza kina maumbo manne: walk, walks, walking, walked. Hilo la mwisho hutaja mwendo wa asubuhi ya leo na wa zama za babu vilevile. Lugha za Waluhya hutenga lililopita karibuni na lililopita zamani ndani ya kitenzi chenyewe. Dharau hiyo ni ya siku nyingi: katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyesema lugha ya mama yake alivikwa kibao shingoni. Jifunze Kiingereza barabara. Lakini kibao hicho usijivike mwenyewe moyoni.