Ukitafuta mshauri wa imani yako, uliza kwanza kama amesomea

Kuna tatizo ambalo watu hulitaja kliniki baada tu ya kuzungumzia kichwa kinachouma na usingizi uliopotea. Ni mazoea ya kutazama picha za ngono, ambayo mtu amejaribu kuyaacha akashindwa. Miongoni mwao wamo watu wa dini: mwanakwaya, mzee wa kanisa, mwalimu wa madrasa. Swali lao huwa hili: je, daktari, nitampata wapi mshauri ambaye hataidharau imani yangu?

Swali hilo ni la haki. Wako wanaohofu kwamba wakienda kwa mwanasaikolojia wataambiwa dini ndiyo inayowasumbua. Wengine wamekwisha kuombewa na kufunga, kisha wakarudia yale yale wiki iliyofuata, na sasa wanaamini Mungu amewakataa. Wote hukaa kimya, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Maoni yangu ni kwamba utafute kwanza mtu aliyeisomea kazi hii, kisha uchunguze kama anaheshimu imani yako. Si lazima awe wa dhehebu lako. Daktari wa meno hatumuulizi anasali wapi, lakini pia hatukubali atutukane tukiwa kitini mwake.

Ni vyema ujue kama kweli u mgonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linatambua hali ya mtu kushindwa kuzuia tamaa ya ngono kwa muda mrefu, kama vile miezi 6 au zaidi, hadi maisha yake yakaharibika. Hali hiyo haikuwekwa kundi moja na ulevi na kamari, bali pamoja na magonjwa ya kushindwa kujizuia. Ndiyo sababu wataalamu wangali wanabishana kama inafaa kuitwa uraibu.

Orodha hiyo yasema jambo jingine muhimu: kusumbuka moyoni kwa sababu tu ya kukiuka maadili hakutoshi kumfanya mtu aitwe mgonjwa. Aliyetazama mara moja au mbili na dhamiri ikamsuta, ana jambo la kuzungumza na kasisi au sheikh wake. Anayekesha kila usiku, akachelewa kazini, akamkwepa mkewe na kukopa pesa za bando, huyo anahitaji tiba. Mshauri asiyejua tofauti hii aweza kukutibu ugonjwa usio nao, au kukuhubiria tu ilhali u mgonjwa.

Anzia kwa daktari wako wa kawaida. Huenda chanzo ni huzuni ya muda mrefu au wasiwasi. Hata baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson zaweza kuzidisha tamaa hadi ikamshinda mtu. Hakuna kidonge maalumu kwa tatizo hili. Tiba inayotumika zaidi ni ya mazungumzo, ambapo unafunzwa kutambua saa, mahali na hisia zinazokuvuta, na kujenga mazoea mapya. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi.

Ukimpata mshauri, usione haya kumuuliza haya kabla ya kulipa:

1. Umesomea wapi, na je, umesajiliwa? Kenya ina sheria ya mwaka 2014 kuhusu washauri na wanasaikolojia, inayotaka wasajiliwe.

2. Umewahi kuwatibu watu wenye shida hii, na kwa njia gani?

3. Mimi husali, na kuacha picha hizi ni sehemu ya imani yangu. Utaheshimu lengo hilo?

4. Nitakayokueleza yatabaki hapa, au yatamfikia pasta wangu, imamu wangu au mke wangu?

5. Tutajuaje kwamba napata nafuu, na ni gharama gani kila tukikutana?

Mshauri mzuri hatakasirika. Atakayekuahidi kupona kwa siku moja, atakayekuuzia mafuta ya upako au atakayekuamuru uache dawa za hospitali, mkimbie, hata akiwa na Biblia au Msahafu mkononi. Mkimbie vilevile atakayecheka ukitaja maombi.

Sisemi viongozi wa dini wakae kando. Mgonjwa anahitaji kusikia habari za msamaha, na hilo si somo letu madaktari. Anahitaji pia mtu wa kumpigia simu saa tano usiku, na mara nyingi mtu huyo hupatikana msikitini au kanisani. Lakini nawasihi viongozi hao: msimtaje mtu mimbarini, na mkiona maombi hayajamtoa shimoni, mpelekeni kwa aliyesomea. Malaria hutibiwa kwa dawa na maombi pamoja, wala hakuna anayeona imani yake imepungua.

Nawe unayesoma haya faraghani, ikiwa aibu imekufikisha kuwaza kujiua, usingoje kupata mshauri wa dhehebu lako. Nenda hospitali iliyo karibu leo hii, umweleze daktari au muuguzi utakayemkuta. Imani yake utamuuliza baadaye.