Likasi: Kabla ya kusimika nguzo za taa, watembee kwanza usiku

LIKASI (Haut-Katanga) – Kila mara taa za barabarani zinapozungumzwa, hesabu ya nguzo hutangulia. Nguzo ngapi, avenyu gani, siku gani ya kukata utepe. Swali lililopaswa kuja mbele huachwa nyuma: nani amepita pale usiku, kwa miguu, na kipima mwanga na daftari mkononi, kabla shimo la kwanza halijachimbwa?

Siku hizi wauzaji wa taa wana neno jipya: taa erevu. Ni taa za LED zenye sahani ya jua na betri, au zilizofungwa kwenye waya wa kuran. Zina kihisi kinachoongeza mwanga mtu akipita na kuupunguza barabara ikiwa tupu, na moja ikiharibika hutuma habari kwa mtandao wa simu. Ni kitu kizuri, na Likasi inakihitaji. Lakini taa haipati akili kuliko aliyeisimika. Ikisimikwa mahali pabaya, itabaki chuma cha bei kali kinachoangaza ukuta.

Mji huu una haki ya kudai zaidi. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kazi mwaka 1930 ili viwanda vya shaba vya Likasi vipate nguvu. Koni ikafuata mwaka 1950. Mwaka 2021 mitambo yote 6 ya Mwadingusha ilirudi kazini, jumla ya megawati 78, kisha ukarabati uliogharamiwa na mgodi wa Kamoa-Kakula, upande wa Kolwezi. Mabwawa yako jirani, lakini kwenye lupango nyingi za Likasi watu wanahesabu siku za delestaji. Katiba ya 2006, ibara ya 48, inahakikisha haki ya kupata nishati ya umeme. Mtu mwenye haki hiyo hapaswi kushangilia nguzo tu. Aulize kama itawaka mwaka wa tatu.

Upimaji wa mahali ndio unaojibu swali hilo, na haufanywi kwa gari saa nne asubuhi. Mchana kila avenyu inaonekana sawa. Usiku ndipo inajulikana ni wapi akina mama wanapita na mabeseni yao wakitoka sokoni, ni kona gani wewa wanangojea abiria, ni njia gani ya mkato wanafunzi wanaifuata, ni saa ngapi za alfajiri waendesha baiskeli wanaingia mjini na magunia ya makala. Kihisi kilichopangwa kufuata magari hakitamwona mama anayetembea ukingoni, karibu na mtaro. Atakayemwona ni mwizi.

Kisha kuna kuran yenyewe. Fundi anayepima volti mara moja, mchana, na kuandika kwamba waya ni mzima, hajapima kitu. Volti hushuka jioni watu wote wanapowasha, na kuran inaporudi kisha delestaji, inaweza kuja na mshtuko unaochoma chombo kinacholisha taa ya LED. Kipimo cha kurekodi kiachwe kwenye kabini wiki nzima. Hapo itajulikana kama inafaa kufunga kinga, au kuachana na waya na kuchagua jua.

Na jua pia lina masharti yake. Likasi iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo sahani yake inapaswa kutazama kaskazini. Maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya yanasema kusini, na fundi asiyefikiri atayafuata. Usiku wa huku unakaribia saa 12 mwaka mzima, na betri ndogo haitafika asubuhi. Wakati wa mvua, betri inapaswa kuvumilia siku mbili tatu za mawingu. Wakati wa kiangazi, vumbi la malori litafunika sahani, na mwembe uliokuwa mdogo siku ya kusimika utatia kivuli kisha miaka michache. Mpimaji wa kweli anaandika yote haya: mti uko wapi, utakua kiasi gani, nani atapanda ngazi kupangusa vumbi, na kila baada ya muda gani.

Hata ardhi ina siri zake. Likasi ni mji wa zamani, na chini ya avenyu zake kuna mabomba ya maji na nyaya. Mchimbaji wa shimo asiyeuliza wazee wa karitie anaweza kuleta taa moja na kukata maji ya avenyu nzima.

Wako wanaosema upimaji ni kupoteza muda na franka, na kwamba mwanga wowote ni bora kuliko giza. Hoja hiyo inavutia, lakini inadanganya. Mwanga unaoacha shimo la giza katikati ya nguzo mbili ni hatari, maana jicho lililozoea mwanga halioni kitu likiingia gizani. Nguzo ya mita 8 kwa kawaida hufuatwa na nyingine kisha mita 25 hadi 30. Anayeziweka kila mita 60 ili avenyu mbili zionekane zina taa anajenga mashimo ya giza. Na taa iliyokufa mwaka wa pili imekula franka za ile ambayo ingewekwa kwa usahihi.

Ukweli ni kwamba mara nyingi upimaji unaachwa kwa sababu nyingine. Ungeonyesha kwamba hitaji kubwa haliko mbele ya ofisi na hoteli, pale wageni wanapopita. Ungetaja vijia vya Kikula, vivuko vya reli, na kambi za zamani za wafanyakazi huko Panda na Shituru. Karatasi ya namna hiyo inamnyima mkubwa nafasi ya kuchagua avenyu yake mwenyewe.

Kwa hiyo dai la wakaaji liwe moja na liwe wazi: hakuna shimo kabla ya karatasi. Ramani ya upimaji ibandikwe kwenye ofisi ya komini, kwa Kiswahili na Kifaransa. Ionyeshe kila nguzo na namba yake, kipimo cha mwanga kabla na baada, jina la kazi ya atakayeitunza, na franka za matunzo zitatoka wapi. Chefu wa karitie, akina mama wa soko na wewa waitwe kutembea na mpimaji usiku, si kuitwa siku ya kupiga makofi. Na kila betri iandikwe namba, maana betri isiyojulikana ni ya nani huishia kwenye nyumba ya mtu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Likasi imeshapoteza ya kutosha namna hiyo. Atakayeleta taa aje kwanza na daftari, na aje usiku.