Tundu la tatu

KIBARAZANI
Na Mshamu Kitwana

"Mjomba, una kalamu?"

Nikadhani anataka kuandika. Mpwa wangu amepanga chumba na sebule kule Mbagala, nami nilikwenda kumtazama na kilo mbili za mchele, maana kwa mtu aliyehamia hatwendi mikono mitupu. Nikampa kalamu. Akaichomeka kwenye tundu la juu la soketi, akaikandamiza, na kwa mkono wa pili akasukuma chaja ya pini mbili za mviringo kwenye matundu ya chini. Simu ikalia kwamba imeanza kuchaji. Akanirudishia kalamu yangu kama mtu anayerudisha kijiko.

Usimcheke. Nyumbani kwako mnatumia nini, kijiti au bisibisi? Kuna nyumba ambako mfuniko wa kalamu umeng'ang'ania humo tangu mwaka juzi, na umekuwa sehemu ya soketi. Sasa tuulizane: lile tundu la tatu liliwekwa la nini?

Soketi hizi za pini tatu bapa, za ampea 13, tumezirithi kwa Waingereza, ambao kiwango chake walikichapisha mwaka 1947. Itazame plagi yake: pini moja ni ndefu kuliko wenzake. Ndiyo inayotangulia kuingia, na ikiingia inafungua vijilango vilivyoziba matundu mawili ya chini, ili mtoto mwenye msumari asifike kwenye moto. Kalamu inamhadaa bawabu huyo. Kisha pini za mviringo zinachezacheza kwenye vishikio vilivyotengenezwa kwa pini bapa. Zinashika nusunusu, na umeme unaopita mahali palipolegea huzaa joto. Ule weusi unaouona pembeni mwa soketi, na ile harufu ya plastiki, ndiko vinakotoka.

Lakini kufungua vijilango ni kibarua tu. Kazi yenyewe ya tundu hilo ni kubeba waya wa kijani wenye mstari wa njano, ambao mafundi huuita ethi. Umeme huja kwa waya wa moto na kurudi kwa nyutro. Ethi, siku zote za kawaida, haina kazi. Inatoka kwenye soketi, inapita kwenye boksi la breka, inaishia kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Inangoja siku moja tu: siku waya wa moto utakapochubuka ndani ya friji ukagusa bati. Siku hiyo umeme ukiikuta ethi unakimbilia ardhini, na vifaa vya kinga vinapata sababu ya kukata. Usipoikuta, unabaki palepale kwenye bati, unakungoja wewe na mkono wako wenye maji.

Ubaya wa ethi ni kwamba haina kelele. Nyutro ikikatika taa zinazima, na fundi anapigiwa simu usiku huohuo. Ethi ikikatika, hakuna kinachozimika. Feni inazunguka na televisheni inaonyesha mpira. Ni mlinzi aliyetoroka lindo usiku, na asubuhi geti mnalikuta limefungwa vilevile.

Nalisema hili nikiwa na aibu yangu. Nyumbani kwangu tuliishi miaka tisa, tukipiga pasi na kuchemsha maji bila tatizo. Siku moja nikaita fundi abadilishe soketi ya jikoni. Akazima meni swichi, akafungua skrubu mbili, akaivuta. Nyuma yake waya wa kijani ulikuwa umekunjwa kama utambi, ncha yake safi, haijawahi kufungwa popote. Akafungua ya pili na ya tatu. Hali ni ileile.

Ndiyo maana majirani wanaponiuliza, "Friji langu linanipiga shoti kidogo, ni kawaida?" siku hizi sijibu kwa mzaha. Si kawaida. Wengi wamejipatia dawa, jozi ya ndala kando ya friji, na mgeni anaambiwa, "Vaa kwanza." Ndala si matengenezo. Chomoa friji, ita fundi.

Mwingine husema breka yake inakata kila mara, na fundi amemsaidia kwa kumwekea kubwa zaidi. Hapo hajasaidiwa. Breka iliwekwa kulinda waya. Waya wa soketi kwa kawaida ni wa milimita 2.5 za mraba; ukiufunga kwenye breka ya kuzidi uwezo wake, utapata moto ndani ya ukuta kabla breka haijashtuka. Na mtu je, analindwa na nani? Breka ya soketi nyingi ni ampea 32, ilhali binadamu anaweza kuuawa na umeme usiofika hata ampea 0.1. Kinachomlinda mtu ni kifaa kiitwacho RCD, kinacholinganisha umeme uliotoka na uliorudi. Pakipungua ampea 0.03 tu, kinajua kuna mahali unavuja, kinakata. Pwani kwenye mchanga mkavu, ambako ardhi haipokei umeme vizuri, usiitegemee fimbo ya shaba peke yake.

Na ekstensheni? Fanya hesabu. Ampea 13 kwa volti 230 ni wati 2,990. Birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya 1,200 tayari umevuka. Mzigo ukizidi mno, plagi yenye fyuzi ya kweli itakata. Yenye kipande cha waya, au karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, haitakata. Itaungua.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Mpangaji wa mjini analipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kabla ya kulipa anauliza kama maji yanatoka, kama vigae vipo, na kwa sauti ya juu kuliko yote, "LUKU ni yangu peke yangu?" Ethi haiulizi. TANESCO wanaishia kwenye mita; kuanzia hapo kwenda ndani ni mzigo wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hanunui ambacho hakuna anayekiuliza. Vigae tuliviuliza, navyo vikaja.

Basi fedha ya miezi sita inatosha kununua maswali matatu. Ethi iko wapi, nionyeshe fimbo yake. RCD ipo? Bonyeza kitufe chake chenye herufi T: isipokata, imekufa. Na nyaya alizifunga nani, ana leseni ya EWURA? Kitufe cha T hakipimi ethi, na ile tesita ya bisibisi inakuambia tu moto uko wapi. Ethi inapimwa na fundi mwenye kipimo chake, na gharama hiyo iingie kwenye mazungumzo ya kodi kama inavyoingia rangi ya ukuta.

Mpwa wangu aliuliza. Mwenye nyumba alinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wamesoma sana, kisha akakubali kurekebisha ethi. RCD akaigomea. Wakavutana wiki mbili, mwisho wakagawana gharama nusu kwa nusu.

Juzi nilipita tena. Ameshanunua chaja ya pini tatu, na mezani palikuwa na mkataba uliokuwa ukisubiri mstari mmoja wa nyongeza.

"Mjomba, una kalamu?"

Safari hii ilikuwa ya kuandika.