Programu za Umma Zijengwe Nyumbani

Anayekamua alizeti hapa Singida haulizwi aliyekamua jana alikuwa nani. Mbegu ikiwa ile ile na mashine ile ile, mafuta hutoka yale yale. Twapenda programu za kompyuta zinazohudumia zahanati zetu, kutoka Iramba hadi Manyoni, nazo zipatikane hivyo.

Njia ipo. Msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu, huwekwa katika ghala moja pamoja na waraka mfupi wa maelekezo. Kila badiliko linapoingizwa, mtambo huusoma waraka, hukusanya vinavyohitajika, hufanya majaribio, kisha hutoa kifurushi kiitwacho taswira ya kontena. Kifurushi hicho hubeba programu na mahitaji yake, kikafanya kazi katika seva ya Unguja kama kifanyavyo katika seva ya Singida.

Kinyume chake ni ile desturi ya programu kujengwa katika kompyuta ya mtaalamu mmoja. Akihamishwa, ujuzi umehama naye; na nani asiyejua uhamisho ulivyo serikalini?

Lakini tuangalie mtambo huo ni wa nani. Kampuni ya Docker ya Marekani, iliyoitangaza teknolojia hii mwaka 2013, iliwajengea watu taswira bila malipo kwa miaka kadhaa. Novemba 2020 ikaweka kikomo: asiyejitambulisha achukue taswira 100 tu kwa kila saa sita. Mwaka 2021 ikaondoa ujenzi wa bure, kwa kuwa wahuni waliitumia mitambo yake kuchimba sarafu za kidijitali. Hatuilaumu; mali ni yake. Ila aliyetegemea hisani hiyo alijikuta mlangoni.

Kwa hiyo twaitaka Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, na wenzao wa Zanzibar, wahakikishe kila mfumo wa umma unajengwa katika mitambo ya umma na taswira zake zinahifadhiwa nchini. Gharama ipo, ya umeme na ya wataalamu. Tena mtambo hueneza kosa kwa wepesi ule ule unaoenezea jema, hivyo majaribio yasirukwe.

Na maofisa wa halmashauri wasiidhinishe malipo ya mwisho ya mkandarasi yeyote wa programu kabla msimbo na waraka wake havijakabidhiwa, na mtumishi wa Serikali akaujenga mfumo huo upya, mkandarasi akiwa nje ya chumba.